Kona ya Ramani: Ukuta umegoma kushikana na mwenzie

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita niliomba maswali ya mapaa, nikategemea mtaniletea habari za bati na kenchi, badala yake simu imejaa picha za kona za kuta kwenye ramani za kompyuta. Kona juu ya kona. Basi mapaa yasubiri, leo tumalizane na hizi kuta. Nimechagua maswali matano, la kwanza nitakaa nalo sana maana ndo lenye mzizi wa mengine, yanayofuata mengine nitayapitia fasta.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa hapa Ujiji, nachora ramani kwa ArchiCAD, ile programu ya kuchora majengo, nilijifunzia kwenye video halafu baadae nikakaa na mtu ofisini kwake miezi minane. Sasa hivi nina kazi ya nyumba ya vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko na stoo. Kuta za nje zote zimekaa vizuri, tatizo ni ukuta wa kati ya jiko na stoo, ukifika kwenye ukuta wa nje hauungani nao, kunabaki kamstari na nikiprinti kanatoka. Nimefuta nimechora upya mara nne kako pale pale. Rafiki yangu akaniambia we weka kipande cheupe juu yake kasionekane, nikaweka, kwenye plani kakapotea kweli ila nikienda 3D kuna uwazi kabisa, ukiwa jikoni unachungulia stoo. Mteja anakuja Ijumaa. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote kitoe hicho kiraka, kitoe sasa hivi halafu ndo uendelee kusoma. Najua utamu wake maana na mimi nilishafanya. Miaka ile naanza nilikuwa na nyumba ya mtu pale Katubuka, kona moja ya choo imenigomea, usiku umeenda, nikabandika kipande cheupe nikaprinti nikalala. Asubuhi mteja karudi anataka choo kisogee futi mbili. Nikasogeza choo, kiraka kikabaki kilipokuwa, sasa kinafunika ukuta wa korido, na mimi sikukiona kwa sababu cheupe juu ya karatasi nyeupe utakionaje. Fundi kapewa ramani, kaona ukuta wa korido una uwazi wa sentimita kama thelathini, kaacha uwazi. Hakuuliza, na aulize kwa nini wakati ndo kilichochorwa. Tofali za kuziba pale nilinunua mimi kwa hela yangu.

Sasa faili lako ulilonitumia. Nimelifungua nikaenda pale ukutani, nikavuta karibu, nikavuta tena, nikavuta mpaka skrini nzima imekuwa ni hiyo kona tu. Kuna uwazi wa milimita 2.4. Nilivyoiona hiyo namba nikacheka mwenyewe, maana naijua, ni kama kukutana na mtu wa mtaani kwenu ukiwa Kariakoo.

Iko hivi. Tofali letu hili la bloku tunaliita la inchi 6. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi 6 ni 152.4. Ila kwenye seting za ukuta wako umeandika 150, kama tunavyofanya wengi, na wala sio kosa. Kosa limeanzia pengine. Mteja wako kakupa vipimo kwa futi, chumba kumi kwa kumi na mbili, sebule kumi na nne kwa kumi na sita, we ukakaa na kikokotoo ukageuza kila kitu kuwa milimita na unene wa kuta humo humo, halafu ukuta wa stoo ukauchora kwa kuandika urefu wake badala ya kuupeleka mpaka ushike ukuta mwingine. Hesabu yako ilitoa 152.4 kwa ajili ya ukuta wa nje, ukuta wenyewe uliosimama pale una 150, ukuta wa stoo ukaishia njiani, bado 2.4 ufike. Ndo maana umefuta umerudia mara nne na bado, kwa sababu mara zote nne umeandika namba ile ile.

Tena angalia, kwenye karatasi huo uwazi hata hauonekani. Kwa skeli ya 1:100 milimita 2.4 inakuwa 0.024, hamna jicho la kuona hiyo. Kamstari unakokaona ni mpaka wa kila ukuta, kila mmoja unajichorea mpaka wake kwa sababu programu haijui kama hao ni ndugu.

Na hata ungeziba hizo 2.4 bado kamstari kangebaki, hapa ndo penyewe sasa, soma taratibu. Ukuta kwenye ArchiCAD una mstari mmoja ndani yake ambao ndo ukuta wenyewe, tuuite mstari wa rejea, ule unene unaouona ni nguo tu umevishwa. Programu ikitaka kujua kama kuta mbili zimekutana haiangalii nguo, inaangalia mistari ya rejea. Kuta zako za nje umezichora kwa vipimo vya nje kwa hiyo mstari wao uko kwenye uso wa nje, upande wa mvua. Safi kabisa. Ukuta wa stoo mstari wake uko katikati ya unene. We unauleta huo ukuta mpaka uguse uso wa ndani wa ukuta wa nje, unauona umegusa, unaridhika, kumbe mistari bado iko mbali, kuna milimita 150 nzima katikati yao. Ni watu wawili wamekutana kwenye soko la Mwanga mmoja yuko kwenye dagaa mwingine kwenye mawese, wote wako sokoni ila hawajaonana.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda menyu ya juu ile ya mambo ya kuonekana kwenye skrini, washa mistari ya rejea ya kuta, itatokea mistari mizito kwenye kila ukuta. Usifanye kazi ya kona bila hiyo kuwaka. Kisha chagua ukuta wa stoo, shika ncha yake, uvute upenye ndani ya ukuta wa nje mpaka mstari wake uguse mstari wa rejea wa ukuta wa nje, kule kwenye uso wa nje kabisa. Usiogope kwamba utatokeza nje ya nyumba, hautokezi, ukishagusa programu inakata yenyewe. Ukifika sehemu yenyewe kishale cha mausi kinabadilika umbo, ukikiona kimebadilika ndo uachie. Na usiandike urefu hapo, acha ushike wenyewe.

Nilijaribu kwenye kopi ya faili lako. Uwazi wa 3D ukaziba, ila kwenye plani kamstari bado kapo. Nikasema hee. Nikaenda kuangalia matiriali, kumbe ukuta wa nje umeupa tofali na ukuta wa stoo umeuacha na matiriali yaliyokuja na programu yenyewe, zege sijui. Tangu toleo la 17, lile la mwaka 2013, kila matiriali kwenye ArchiCAD ina namba ya nguvu kuanzia 0 hadi 999, mwenye namba kubwa anamkata mwenye ndogo, na zikiwa matiriali mbili tofauti lazima ichore mpaka kati yao hata kama kuta zimeungana vizuri. Nikaupa ukuta wa stoo tofali ile ile ya nje, kamstari kakaondoka hapo hapo.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye kwako hayupo ila nimtaje kwa sababu wengine watatu wameniandikia na nadhani ndo huyu. Kwenye orodha ya leya, yaani tabaka za mchoro, kila leya ina kanamba pembeni, kanamba ka kundi la kuungana. Leya mbili zikiwa na namba tofauti kuta zake haziungani hata uzipige nyundo. Watu wanarithi faili la mtu mwingine, la ofisi fulani, lina leya arobaini na kila moja ina namba yake, wanaanza kuhangaika na kona usiku kucha wakati shida iko kwenye orodha. Kaangalieni.

Na Ijumaa usimwonyeshe mteja mpaka umezunguka kona zote na mistari ya rejea ikiwa imewaka. Zako ziko kumi na nne, nimehesabu, kuna nyingine moja pale masta ina shida kama hii, nimekuachia uitafute mwenyewe.

SWALI: Kaka mambo, natokea Kasulu. Natumia AutoCAD ya kawaida ile ya mistari. Nimepewa plani na jamaa mmoja nimalizie, sasa kila nikitaka kufunga kona kwa fileti inakataa inaniambia sijui mistari haiko bapa moja, wakati naiona kabisa iko bapa, ni ramani jamani sio mlima. Nikitumia trimu inakata. Nini hiki?

JIBU: Poa kaka. Ni mlima, ila we unauangalia kutoka juu ndo maana huuoni. Ukiwa kwenye plani unaangalia kama kunguru, mstari ulioko chini na mstari ulioko mita mbili juu wote unaviona sawa. Huyo jamaa kuna sehemu alishika kitu chenye urefu wa kwenda juu, labda alileta vipimo vya sevea vyenye miinuko, na mistari yake mingine ikapanda nayo. Fileti inataka mistari miwili iwe kwenye bapa moja, trimu yenyewe haijali sana, inakata kwa kivuli, ndo maana moja inakubali nyingine inakataa.

Chagua mistari yote, bonyeza Ctrl na 1 lije lile dirisha la sifa, chagua zile laini peke yake, tafuta Z ya mwanzo na Z ya mwisho, Z ndo huo urefu wa kwenda juu, zote ziandike 0. Kama kuna polilaini, ile mistari iliyoungana ikawa kitu kimoja, hizo zina sehemu yao wameandika elevesheni, nayo 0. Geuza viyu uangalie kutoka ubavuni uhakikishe zote zimelala. Halafu andika OSNAPZ uipe 1 ili ncha yoyote utakayoisnapu, yaani kuinasa kwa mausi, ibaki chini, vinginevyo kesho utarudi kuniuliza tena.

Ukishalaza, fileti yako iwe na radiasi 0, au shikilia tu Shift wakati unachagua mstari wa pili, inafunga kona kali yenyewe hata kama radiasi ilikuwa 500 kutoka kwenye kazi ya jana. Hiyo Shift watu wengi hawaijui na wamechora miaka.

Uliniuliza pia kuhusu zile kuta za malti-laini, mistari sambamba inayochorwa kwa pamoja, kwamba ukitaka kufungua makutano ya T inakata ukuta usio wenyewe. Ni mpangilio wa kuchagua. Andika MLEDIT, chukua ile T ya wazi, wa kwanza kuuchagua uwe ukuta unaokuja kugonga, wa pili ndo ule unaogongwa. Ukianza na unaogongwa umeharibu. Na hachi, ile michirizi ya kujazia eneo, ikikugomea ikakuletea vijiduara vyekundu usivifute kwa hasira, hivyo ndo vinakuonyesha ncha zisizoshikana, ni msaada huo.

SWALI: Kijana, natumia simu ya mwanangu kuandika. Mimi ni fundi mwashi hapa Mwanga, kazi hii naifanya tangu tofali ni za kuchoma tu. Nina jambo na nyie mnaochora kwa kompyuta. Mnatuchorea ukuta wa ndani unafika kwenye ukuta wa nje halafu pale katikati kuna mstari. Sasa mnataka nini, tuache meno tofali zishikane, au tupandishe nje kwanza halafu ndani tuje kubandika? Maana bosi wa saiti anasema fuata ramani.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hili swali ningependa kila anayechora alibandike ukutani juu ya kompyuta yake.

Mara nyingi, mzee, huo mstari hatutaki chochote nao. Ni makosa yetu, ni yale yale ya binti wa Ujiji hapo juu, kuta hazikuungana kwenye programu na mchoraji hakuona au aliona akasema kadogo hako. Tofali zikiwa ni aina moja, nje na ndani, plani inatakiwa ionyeshe T moja safi bila mstari katikati, na wewe unaacha meno kama kawaida yako, kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, tofali linaingia, kozi inayofuata linatoka. Kwenye kona hamna ukuta unaopita na ukuta unaosubiri, wanapokezana kozi kwa kozi, hilo we ndo unatufundisha sisi.

Ila mstari kuna wakati ni wa kweli. Ukuta mpya unaongezwa kwenye nyumba ya zamani, mstari unabaki. Ukuta wa tofali unagonga nguzo ya zege, unabaki. Bloku ikikutana na tofali za kuchoma, unabaki. Na kama mhandisi ametaka kuta mbili zitengane makusudi inatakiwa iandikwe kwa maneno pembeni, sio mstari tu umtegee fundi akisie. Kwa hiyo ukiona mstari, vitu vyote ni tofali moja, na hamna maneno, mpigie simu aliyechora kabla ya kozi ya kwanza. Akikasirika mtume kwangu.

Halafu kuna jambo lingine ambalo mzee hukuuliza ila linakugusa wewe na mwenye nyumba. Kuta zisipoungana kwenye programu mara nyingi zinakuwa zimepandana, na programu ikihesabu ujazo inahesabu pale pakupandana mara mbili. Ukuta wa sentimita 15, kwenda juu mita 3, kila makutano ni mita ya mraba 0.45 ya hewa. Kwa bloku ya 450 kwa 230 ukihesabu na mota, mita moja ya mraba inakula kama tofali 9. Kwa hiyo kila kona iliyopandana ni tofali 4 ambazo hazipo. Nyumba ina makutano 12, ni karibu tofali 50 mwenye nyumba katoa hela na we unabaki kuulizwa zimeenda wapi, unaonekana umeziuza. Wakati wenyewe umezikuta hivyo hivyo kwenye makadirio.

SWALI: Natumia programu ya Revit, kiwanja kiko Kibirizi kimekaa pembe tatu kwa hiyo ukuta wa pembeni unakutana na wa mbele kwa pembe kali. Kona inatoka mkuki mrefu unatokeza nje. Je nijenge hivyo?

JIBU: Hapana, utamchoma mtu. Nenda kwenye kifaa cha maungio ya kuta, peleka mausi juu ya kona mpaka kije kiboksi, kliki, juu kuna aina tatu, sasa hivi iko kwenye ile ya kukata mshazari. Jaribu ile ya kukata ncha mraba, mkuki unaondoka. Bonyeza na kile kitufe cha inayofuata uone ukuta upi unapita na upi unaishia, chagua unaomfaa fundi. Na kama unataka kuta zisiguse kabisa, bonyeza raiti kliki kwenye kidoti cha bluu kwenye ncha ya ukuta, ukataze kuungana. Ila ukikataza ukumbuke ulikataza, maana ukija kusahau utalaumu programu.

SWALI: Salaam kutoka Tabora. Nimepewa kazi na familia moja kupima nyumba ya babu yao, ni ya zamani sana ya udongo, wanataka wakarabati na waongeze vyumba viwili nyuma kwa bloku. Nimepima kila chumba urefu na upana kwa tepu, nimeingiza kwenye ArchiCAD, kuta hazikutani. Chumba kimoja kinazidi sentimita 11, kingine kinapungua, ukuta mmoja nimeupima upande huu ni sentimita 52 upande wa pili 47, nikadhani nimekosea nikarudia, ni hivyo hivyo. Nikilazimisha kona moja nyingine inaachia. Niweke wastani tu?

JIBU: Usiweke wastani, nakuomba. Hili swali nimelipenda kuliko yote leo, na ni zuri kwamba limetoka huko kwenu kwenye nyumba za kuta nene, mtu akitoka huku Kigoma kwenda kuliangalia lile tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 atoke na tepu yake aone wazee walivyokuwa hawana habari na pembe mraba. Tena sio uzembe, ukuta wa udongo unajengwa kwa mkono na unaenda unavyoenda, halafu mvua za miaka yote hiyo zinaula kwa chini.

Vipimo vyako viko sawa. Kosa ni kwamba umechukua urefu na upana, na kwa urefu na upana peke yake programu inaamini kila kona ni nyuzi 90. Nyumba hiyo haina nyuzi 90 hata moja, nakuhakikishia. Rudi na mtu wa kushika tepu upande wa pili, kila chumba pima pande zote nne, usidhani zinazotazamana ni sawa, halafu pima diagonali, kona hadi kona. Diagonali moja inatosha kujua umbo, ya pili ni ya kukukagua. Pima kwa urefu ule ule kutoka chini kila mahali, tuseme mita moja, kwa sababu ukuta umelala na ukipima chini huku na juu kule umeshajidanganya.

Kwenye kuchora anza na upande mmoja wa chumba, ndo unaouamini. Ncha ya kushoto piga duara lenye radiasi ya upande unaofuata, ncha ya kulia piga duara lenye radiasi ya diagonali, maduara yanapokatana ndo kona yako ya tatu. Ya nne vile vile, ila radiasi zake ni pande mbili zilizobaki, duara moja kutoka kona ya tatu na lingine kutoka ncha ya kulia. Ukimaliza pima diagonali ya pili kwenye skrini ulinganishe na uliyoandika kwenye daftari, ikitofautiana sentimita moja mbili kwa nyumba ya udongo usihangaike, ikitofautiana kumi kuna upande uliusoma vibaya. Mara nyingi ni ile mtu anasoma 3.67 anaandika 3.76. Vyumba vyote vikishakaa, nafasi zilizobaki katikati yao ndo kuta, unene utajitokeza wenyewe bila kuulazimisha, na milango ndo inakusaidia kuunganisha chumba na chumba kwa sababu pale unapima unene kwa macho yako.

Ule ukuta wa 52 na 47 ni kweli ni wa 52 na 47. ArchiCAD ina ukuta wa namna hiyo, kwenye aina za ukuta karibu na ule wa kawaida na ule wa kupinda kuna mmoja unaoanza mnene unaishia mwembamba, tumia huo.

Sasa kwenye vyumba vipya vya nyuma fanya kinyume cha yote niliyomwambia binti wa Ujiji. Pale bloku mpya inapogonga ukuta wa udongo we hutaki ziungane. Udongo na bloku havishuki sawa ardhini, fundi akitoboa ukuta wa babu aache meno ya bloku ndani yake ameshaudhoofisha, na nyufa zitaanzia hapo hapo. Weka kuta za zamani kwenye leya yake na mpya kwenye leya yake, na ile namba ya kundi la kuungana zipe tofauti, moja 1 nyingine 2. Mstari utabaki katikati na huo ni mstari wa kweli, uandikie na maneno pembeni, mzee wetu wa Mwanga asije akakupigia simu. Namna ya kuuacha huo mwanya, upana wake na unazibwa na nini, hapo tafuta mhandisi akaone ukuta wenyewe, usichukue kwangu kwa maandishi.

Na kabla hujaanza kuchora upya nipigie picha ukurasa wa daftari wenye diagonali, nione kama kuna iliyogeuzwa namba.